Miungu wa Nuru kwa Kigezo cha Malalamiko: Uainishaji wa Awali

Utangulizi

Wataalamu waliotutangulia wamewaainisha miungu wa nuru kwa mabara yao, kwa lugha za waabudu wao, kwa jinsia na kwa karne. Kazi hizo ni nzito, na mojawapo mtafiti huitumia hadi leo kuzuia mlango usipigwe na upepo. Zote, hata hivyo, zimeruka jambo lililo wazi: mungu wa nuru ni mwajiriwa. Huamka kabla ya watu wote, hana likizo, hana wa kumshikia zamu, na hakuna anayemtaja mpaka siku atakapochelewa.

Makala haya yanapendekeza kigezo kipya, yaani malalamiko. Tukichukulia kwamba kila mungu wa nuru ana jalada lake la utumishi, maswali ya utafiti ni matatu: ndani ya jalada mna lalamiko gani, nani kaliandika, na shauri liliishaje? Dhana inayoongoza uchunguzi ni kwamba siku ambayo nuru imefanya kazi yake sawasawa haiachi hadithi.

Dhana hii ilimjia mtafiti usiku mmoja umeme ulipokatika mtaani. Kwa saa tatu majirani ambao hawakuwahi kuutaja umeme hawakuzungumza kingine: umekwenda wapi, nani kaukata, utarudi lini. Uliporudi, watoto wa nyumba zote walipiga ukelele mmoja wa furaha. Baada ya dakika mbili hakuna aliyeukumbuka tena. Mtafiti alizima mshumaa, akaandika kichwa cha makala haya.

Mbinu na mipaka

Data zilikusanywa maktabani na kupepetwa barazani, baada ya kahawa ya pili. Hakuna mungu aliyekubali kuhojiwa. Miungu wa mwezi na radi wameachwa nje, isipokuwa pale walipojiingiza wenyewe. Na kwa kuwa baadhi ya wanaotajwa humu wanaabudiwa hadi leo na mamilioni ya watu, ieleweke kwamba kinachotaniwa ni uainishaji, si ibada ya mtu.

Kundi la Kwanza: Wasafirishaji

Wajibu wa kundi hili ni kulitoa jua mashariki na kulifikisha magharibi. Kanuni ya Kwanza ya makala haya inahusu nyenzo zao za kazi: jua la kila taifa hupanda chombo wanachopanda wakubwa wa taifa hilo. Misri ya kale iliishi kwa mto Nile, kwa hiyo Ra akapewa mashua mbili, Mandjet ya mchana na Mesektet ya usiku. Kwingine aliyeheshimiwa alipanda farasi: Helios wa Ugiriki akapata gari la farasi wanne, Surya wa Uhindi la farasi saba, na Sól, mungu wa kike wa Skandinavia ya kale, la farasi wawili.

Malalamiko ya kundi hili ni ya usalama safarini. Kila usiku, katika saa kumi na mbili za kupita chini ya dunia, mashua ya Ra hushambuliwa na joka Apep linalotaka kulimeza jua. Mlinzi ni Set, ambaye husimama kwenye omo na mkuki mkononi. Apep huchomwa, hukatwakatwa, na usiku wa pili yupo tena, mzima kama hakuguswa. Makuhani wa Misri hawakukaa kungoja matokeo. Walikuwa na maandishi maalumu ya kumwangamiza Apep: walifinyanga sanamu yake ya nta, wakaitemea mate, wakaikanyaga kwa mguu wa kushoto, wakaitia motoni. Mtafiti hajaona kwingine abiria wakimsaidia nahodha kwa bidii kiasi hicho.

Kwa Sól tatizo ni mbwa mwitu, aitwaye Sköll, anayemfukuza angani mchana kutwa. Ndiyo maana jua lina haraka. Farasi wake wamefungiwa mivukuto chini ya mabega ili wasiungue. Shauri hili haliishi vizuri, kwani mwisho wa dunia Sól atamezwa. Lakini Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, ameacha maelezo kwamba kabla ya hapo Sól atakuwa amezaa binti, naye atashika njia ya mama yake. Kazi ya kurithishana ndani ya ukoo, basi, si uvumbuzi wetu.

Ajali iliyoelezwa kwa kina zaidi ni ya Phaethon, mtoto wa Helios. Mwenzake alikataa kuamini kwamba baba yake ni jua, naye akaomba gari aliendeshe siku moja tu. Baba alikuwa amekwisha kuapa kumpa chochote atakachotaka. Farasi walitambua mapema kwamba mkono ulioshika hatamu ni mwepesi, wakaacha njia. Kwa maelezo ya Ovid, mshairi wa Roma, misitu iliungua, Libya ikawa jangwa, Waethiopia wakageuka weusi, na Nile ukakimbia kwa hofu ukaficha kichwa chake. Ilibidi kijana aangushwe kwa radi. Hii ni ripoti pekee ya ajali, kwa ufahamu wa mtafiti, inayodai kueleza rangi ya waliosimama kando ya barabara. Ama kuhusu kichwa cha Nile, sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tuko tayari kusaidia upelelezi.

Kundi la Pili: Mashahidi na Mahakimu

Apitaye juu ya kila paa huona kila ua. Kwa sababu hiyo Wababeli walimpa Shamash, mungu wa jua, mamlaka ya haki. Nguzo ya sheria za Hammurabi, iliyofukuliwa huko Susa mwaka 1901 na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Louvre, ina urefu wa mita 2.25. Juu kabisa mfalme amesimama kwa adabu mbele ya Shamash aliyeketi, miale ikimtoka mabegani, akimpa fimbo na pete. Chini yao zimechongwa sheria zinazohesabiwa kuwa 282. Tukumbuke kwamba Babeli haikukosa miungu wa vita wala wa mvua. Ilimchagua wa jua kwa sababu moja ya kimahakama: huyu haambiwi, "Wewe hukuwepo."

Ugiriki ilikuwa na shahidi wa namna hiyo, ila ushahidi wake ulikaribia umbeya. Helios aliwaona Aphrodite na Ares wakikutana kwa siri, akaenda moja kwa moja kumweleza mume, Hephaestus mhunzi, ambaye alitega kitandani wavu mwembamba usioonekana na kuwanasa wote wawili. Ni Helios huyohuyo aliyemwambia Demeter ni nani aliyemteka binti yake. Katika kundi hili walalamikaji ni wale walioonekana, kwa hiyo malalamiko yao hayakusikilizwa.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kutaja jua na kujua. Wanaisimu wanatuonya kwamba mizizi ya maneno hayo ni tofauti na kufanana kwake ni sadfa. Mtafiti ameupokea ushauri huo na kuuweka juu ya kabati.

Kundi la Tatu: Waliogoma

Hapa mlalamikaji ni mfanyakazi mwenyewe. Kisa cha msingi kimo katika Kojiki, kitabu cha Japani cha mwaka 712. Amaterasu, mungu wa kike wa jua, alikuwa na mdogo wake, Susanoo, aliyebomoa kingo za mashamba yake ya mpunga, akachafua ukumbi wake kwa kinyesi, na hatimaye akatoboa paa la nyumba ya kufumia nguo na kutupa ndani farasi aliyechunwa ngozi. Amaterasu hakujibu. Aliingia pangoni, akafunga kwa jiwe, na dunia ikawa giza.

Hatua zilizochukuliwa na uongozi zinastahili kusomwa na kila anayeshughulika na migogoro kazini. Miungu milioni nane walikutana mtoni. Kwanza walikusanya majogoo wawike. Sisi husema jogoo awike asiwike kutakucha. Hao wa Japani waliwika na hakukucha. Ndipo mmoja wao, Ame-no-Uzume, alipopanda juu ya pipa lililopinduliwa, akacheza ngoma huku nguo zikimdondoka, na miungu milioni nane wakacheka mpaka mbingu ikatikisika. Amaterasu akashangaa: mimi sipo, hawa wanacheka nini? Akafungua ufa. Akaambiwa kwamba amepatikana mwingine aliye bora kuliko yeye, na mbele yake kikawekwa kioo. Alipotoka hatua moja kumtazama mpinzani huyo mwenye kung'aa, mungu mwenye nguvu aliyejificha kando alimshika mkono akamvuta nje, na nyuma yake ikafungwa kamba asirudi. Ikumbukwe kwamba hakuombwa radhi kabla ya kutoka, wala hakuongezwa chochote. Alichohitaji kuona ni kwamba pengo lake linaweza kuzibwa, na aliyeliziba alikuwa yeye mwenyewe kwenye kioo.

Mgomo wa pili ulitokea Meksiko, siku ya kwanza kazini. Waazteki walisimulia kwamba miungu walikutana Teotihuacan kuunda jua la tano, na anayetaka nafasi hiyo alipaswa kurukia moto. Tecciztecatl, tajiri mwenye majivuno, alikimbilia moto mara nne na mara nne akarudi nyuma. Nanahuatzin, maskini mwenye vidonda mwili mzima, aliruka mara moja. Tajiri akaona haya, akafuata. Wakachomoza wote wawili wakiwa na mng'ao mmoja, jambo ambalo kiutawala halikubaliki, kwa hiyo mungu mmoja akamtupia tajiri sungura usoni. Mng'ao ukafifia, naye akawa mwezi. Katika ngano zetu sungura huwashinda fisi na simba kwa akili. Huko alitumika kama jiwe.

Nanahuatzin, sasa akiwa jua, alibaki palepale angani bila kusogea. Masharti yake yalikuwa kwamba miungu wengine nao watoe uhai wao. Wakautoa, upepo ukavuma, jua likaanza kutembea. Ni nadra mgomo kumalizwa kwa mwajiri kufa.

Helios naye aliwahi kutoa notisi. Mabaharia wa shujaa Odysseus walipochinja walionona zaidi kati ya ng'ombe wake 350 aliowapenda, alimwambia Zeus, mkuu wa miungu, kwamba asipolipwa fidia atahamia kuzimu awaangazie wafu. Zeus aliipasua merikebu yao siku hiyohiyo walipotoka bandarini. Helios hakulazimika kuhama.

Kundi la Nne: Waliozidisha

Malalamiko ya kundi hili yanatoka kwa watumiaji, na ni ya aina tatu: ukali, idadi na kasi.

Kuhusu ukali, Surya alikuwa na mke, Sanjna, aliyeshindwa kuvumilia joto la mumewe. Akaacha nyumbani kivuli chake mwenyewe, aitwaye Chhaya, akaondoka. Surya hakugundua mpaka siku Chhaya alipomlaani mtoto kwa namna ambayo mama mzazi hawezi. Mkwewe, Vishvakarma, ambaye ndiye fundi wa miungu, alimpandisha Surya kwenye kerezo na kumkereza mpaka akapungua sehemu moja ya nane. Hakuna kilichotupwa: kwa vipande vilivyodondoka fundi alitengeneza kisahani cha vita cha Vishnu na mkuki wa Shiva wenye ncha tatu. Ndoa ikatengemaa. Kwa maoni ya mtafiti, hiki ndicho kisa pekee katika sampuli nzima ambamo mkwe alikwenda kwenye chanzo cha tatizo.

Kuhusu idadi, Wachina walikuwa na majua kumi, yote watoto wa Xihe, aliyeyaogesha na kuyapangia zamu, moja kwa siku. Katika utawala wa mfalme Yao yakatoka yote pamoja. Mazao yakakauka. Yi, mpiga upinde, aliyadungua tisa. Hatuna budi kukubali kwamba huu ulikuwa upunguzaji wa wafanyakazi, na aliyebaki anafanya kazi ya kumi kwa ujira wa mmoja.

Kuhusu kasi, ushahidi unatoka visiwa vya Polinesia. Shujaa Maui aliona jua linapita mbio mno, akalitega kwa kamba na kulipiga mpaka likaahidi kwenda polepole. Wamaori husimulia kwamba rungu lilikuwa mfupa wa taya la bibi yake. Huko Hawaii tukio liko juu ya mlima Haleakalā, jina lenye maana ya nyumba ya jua, na sababu yake inatajwa wazi: mama yake Maui, Hina, alianika nguo za magome ya mti, na siku iliisha kabla hazijakauka. Majeshi yameandamana kwa sababu hafifu kuliko hiyo.

Kundi la Tano: Waliopandishwa Cheo Ghafla

Hawa hawakulalamikiwa wao, walilalamikiwa waliowapandisha. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, Farao Akhenaten aliwaweka kando miungu wengine wa Misri na kubaki na Aten, duara la jua lisilo na sura ya mtu, ambalo miale yake huishia kwenye viganja vya mikono. Akajenga na mji mkuu mpya kwa heshima yake. Farao alipofariki mji uliachwa, mahekalu yakavunjwa, na kijana aliyeitwa Tutankhaten akabadili jina kuwa Tutankhamun, kama wafanyavyo watumishi wenye busara uongozi unapobadilika.

Roma ilifuata njia hiyo mwaka 274, Kaisari Aurelian alipomjengea hekalu Sol Invictus, yaani Jua Lisiloshindwa. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru siku ya Jua iwe ya mapumziko kwa mahakimu, watu wa mjini na mafundi. Wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi. Jua nalo liliendelea.

Kundi la Sita: Wasio na Lalamiko

Kundi hili ndilo lililomsumbua mtafiti kuliko mengine, na liko karibu na nyumbani. Kwa Wachagga wa Kilimanjaro, Ruwa ni jina la Mungu na ni jua pia, na neno lenyewe ni ndugu wa damu wa jua letu la Kiswahili. Kwa Wairaqw wa Mbulu, Looaa ni jua na ni mama, mpole na mwenye kuleta mvua, ilhali Neetlangw, wale wakali, hukaa kwenye chemchemi na mito. Kwa Wanandi na Wakipsigis wa Kenya, Asis ni jina linalotoka kwenye jua. Lugha hizi ni za koo tatu zisizohusiana: Kibantu, Kikushi na Kiniloti. Wameishi jirani, na wote wamelitazama jua kwa jicho moja, ingawa wazee wao walisisitiza kwamba Mungu ni zaidi ya lile duara linaloonekana.

Sasa fungua majalada yao. Hamna gari, hamna mashua wala farasi. Hamna ajali, mke aliyekimbia, wala mdogo mkorofi. Hakuna aliyegoma, na hakuna aliyefungwa kamba. Wanaombwa mvua, watoto na mifugo; hawaombwi wafike kazini. Badala ya lalamiko mna salamu: wazee wa Kinandi walikuwa wakitema mate kuelekea jua linalochomoza, na mate kwao ni baraka. Tulinganishe na Misri, ambako mungu wa kike Isis aliyaokota mate ya Ra aliyezeeka, akayafinyanga na udongo kuwa nyoka, nyoka akamuuma mwenye mate mpaka akataja jina lake la siri. Kuna watu wanaolitemea jua mate kulibariki, na kuna wanaoyakusanya mate ya jua kulitega.

Mjadala

Kwa nini Kundi la Sita halina visa vya namna hiyo? Maelezo yanayojitokeza ni ya kijiografia. Stockholm hupata takriban saa sita tu za mchana katikati ya Desemba, na Tromsø huko Norwe haioni jua kwa karibu miezi miwili. Mtu wa huko akisema jua linafukuzwa na mbwa mwitu, hatii chumvi, anaripoti. Mbulu na Kilimanjaro ziko karibu na ikweta, na urefu wa mchana hutofautiana kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Uaminifu wa jua hili ndio uliotuwezesha kuhesabu saa kwa Kiswahili kuanzia macheo: saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu mfanyakazi afike. Huwezi kutegesha saa kwa mtu mwenye mazoea ya kuchelewa.

Pingamizi zipo. Waazteki waliishi ndani ya tropiki, na jua lao lilikuwa na kesi nzito kuliko zote. Surya hawezi kuelezwa kwa latitudo. Yeye anaelezwa na ndoa. Tena Helios ameonekana katika makundi matatu, jambo linaloonyesha ama udhaifu wa uainishaji huu, ama kwamba katika kila ofisi kuna mtu mmoja wa namna hiyo. Mtafiti anapendelea maelezo ya pili.

Hitimisho na mapendekezo

Kanuni ya Pili, ambayo ndiyo matokeo makuu ya utafiti, ni hii: watu hawakutunga visa kuhusu nuru, walitunga visa kuhusu hofu ya kuikosa. Pale hofu ilipokuwa kubwa, mungu alipata farasi, maadui na ndoa yenye matatizo. Pale ilipokuwa ndogo, alipata jina na salamu ya asubuhi. Jalada nene si dalili ya ukuu. Kwa hukumu ya makala haya, heshima kubwa kuliko zote walizopewa miungu wa nuru ni ile ya Kundi la Sita, yaani kuaminiwa kiasi kwamba hakuna cha kusimulia.

Yanapendekezwa mambo mawili. Kwanza, majogoo wa Japani wasiendelee kulaumiwa kwa kushindwa kazi ambayo hata hapa kwetu hatujawahi kuwapa. Pili, malalamiko ya Hina yatambuliwe rasmi kuwa ndiyo yenye msingi kuliko yote yaliyochunguzwa, na hili mtafiti analisema kwa uzoefu. Sasa ni saa tisa alasiri, wingu limeanza kukusanyika upande wa mashariki, na kanga mbili zilizoanikwa tangu asubuhi bado mbichi. Utafiti zaidi unahitajika, lakini si leo.